Rangi ya Mwezi wa Tisa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na majiko, na wakwe wa kuwasumbua, nchi nzima ya nyika ilikuwa na kisima kimoja tu. Kaeni sawasawa. Anayetaka kulala alale, ila asikorome.

Kisima hicho walikichimba wanyama wadogo. Nguchiro alichimba, Nungunungu alichimba, Panya alichimba, mpaka kucha zikaisha. Maji yalipotoka, pwaa! akaja Simba. Akanywa wa kwanza, akajifuta ndevu, akasema:

"Kisima changu kina maji matamu."

Hakuna aliyejibu. Wewe ungejibu?

Basi Simba akawa Jumbe, na kisima kikawa cha Jumbe.

Sasa Jumbe Simba alikuwa na shamba la mihogo, na jembe hakulipenda. Alikuwa na makucha mazuri, akiyaonea huruma. Aliwaita wanyama kwa maneno ya upole: "Njooni tusaidiane, ndugu zangu." Thubutu! Huyu anaumwa kiuno, yule anamsubiri mgeni, mwingine amefiwa na shangazi. Kulikuwa na shangazi mmoja pale nyikani alikuwa akifa kila msimu wa kulima.

Siku moja Simba akaalikwa harusi kwa Chui, nchi ya mbali kidogo. Huko akaona jambo. Mashangazi wote wa bwana harusi walivaa sare, kanga moja, rangi moja, wamekaa mbele wanaletewa pilau yenye minofu. Lakini Bi Swala wa watu hakuwahi kuipata ile kanga. Alisimama mlangoni na gauni lake safi, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaenda zake uani, akainama, akaanza kusugua masufuria. Hakuna aliyemtuma!

Simba akaacha kutafuna.

"Kumbe!" akasema moyoni. "Kumbe mtu ukimnyima rangi, anafanya kazi mwenyewe bila kupigwa!"

Aliporudi nyumbani hata hakupumzika. Akamwita Fisi, mpiga mbiu wake. Fisi akachukua pembe, mbuuu! akatangaza:

"Wanyama weee! Jumbe anasema, tupendeze! Tuwe kitu kimoja! Kuanzia sasa kila mwezi una rangi yake. Atakayekuja kisimani bila rangi ya mwezi, atalima kwanza shamba la Jumbe, ndipo ateke maji. Ni sare tu, jamani, msinune!"

Mbuuu! Akafunga mbiu.

Mkiona mkubwa anasema tupendeze, shikeni mifuko yenu.

Mwezi wa kwanza wa mambo hayo, rangi ilikuwa manjano. Na manjano yaliota wapi? Nyuma ya nyumba ya Simba, na kwingine hakuna. Akajipaka yeye, akampa Nyati kidogo, akampa Tembo kidogo. Yale ya Tembo yalitosha sikio moja tu, lakini nani angemwambia Tembo amevaa nusu? Wengine wote, jembe.

Mwezi uliofuata, zambarau. Mzambarau mrefu, Tembo akautikisa kwa mkonga, pukupuku, wakubwa wakala, wakajipaka midomo na mashavu. Panya akaja na kokwa aliyoiokota njiani.

"Kokwa haina rangi," akasema Nyati, ambaye ndiye aliyekuwa akilinda kisima.

"Jana ilikuwa na rangi!"

"Jana ulishindwa kuja. Jembe lile pale."

Ikaja zamu ya nyeusi. Nyeusi tii ya tope. Na tope lote la nyika lilikuwa dimbwini kwa Nyati, kalilalia, hainuki. Jembe.

Wanyama wakaenda kumlilia Simba. "Jumbe wetu, tubadilishie. Tupe rangi tunayoiweza." Leo wamekwenda hawa, kesho wale, wanapiga magoti, wanachafua baraza. Simba akachoshwa na kelele zao. Akasimama, akanguruma:

"Nisikilizeni nyote! Iliyopigwa mbiu imepigwa! Pembe ya kufunga ikishalia, neno halirudi. Hakuna wa kuongeza, hakuna wa kupunguza, hata mimi mwenyewe siligusi mpaka mwezi uishe. Haya, ondokeni!"

Wakaondoka. Wakarudi kulima.

Sasa niwaambie habari za huyu Nguchiro. Jina lake aliitwa Tabu. Alizaliwa mwaka wa njaa, na wazazi wake hawakujisumbua kutafuta jina jingine. Mume alikuwa naye. Siku moja mume akatoka kwenda kuwinda nyoka, kumbe na nyoka naye alikuwa ametoka kuwinda. Akabaki Tabu na watoto ndani ya kichuguu kirefu, kirefu kuliko vyote pale. Na kwa kuwa kilikuwa kirefu, Fisi alikuwa akipanda juu yake kupiga mbiu. Kila mwezi anamtangazia Tabu taabu akiwa amesimama juu ya paa lake, na vumbi la miguu linamwingilia mwanamke wa watu chunguni.

Kila asubuhi Tabu alifika kisimani na mtungi kichwani.

"Rangi?" anauliza Nyati.

"Ninayo moyoni, Bwana Nyati."

"Ya moyoni siioni. Jembe."

"Basi niazime tope lako kidogo, nipake hata kidole."

"Bi Tabu, usinitie matatani. Mimi kazi yangu kuuliza tu."

"Na pembe zote hizo kichwani ni za kuulizia?"

Nyati anamsogezea jembe. Hakuwa mbaya, Nyati. Alikuwa mkubwa tu, na wakubwa wengi wako hivyo.

Tabu akilima mpaka jua linakuwa kali. Akimaliza, anakuta maji yameshatekwa, kimebaki kitope. Anakichota hicho hicho, anakichuja kwa pindo la kanga, anarudi, anapika, analala, anaamka. Mgongo ulikuwa umesahau kunyooka. Ukimwita kutoka nyuma alikuwa hageuki shingo, anageuka mzima mzima kama mlango.

Jirani yake, Bi Nungu, alikuwa akilima mstari wa pili.

"Mwenzangu," alisema Bi Nungu siku moja, "mimi nikifa msinichimbie kaburi. Nimechimba vya kutosha. Nitupeni tu hapo kando."

"Ukifa nani atanisaidia huu mstari? Usife, bwana. Huna adabu."

Ukafika mwisho wa mwezi wa nane. Mnaujua mwezi wa nane wa nyika. Moto umepita kwenye majani, umekula kila kitu, umeacha weusi na majivu. Miti imesimama kama vijiti vya meno. Kisima kimeshuka, kamba inafika kwa shida. Na kitinda mimba wa Tabu akaanguka na homa. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani.

"Mama, maji."

"Yapo, mwanangu. Yanakuja."

"Yanatembea polepole."

Tabu akamfuta uso. Akatoka nje na sinia kumwaga majivu ya jikoni. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Akamwaga majivu, akajinyoosha, mgongo kwa! na katika kujinyoosha macho yakaenda juu. Mwezi ulikuwa bado uko angani, ule mwezi mkuukuu wa asubuhi, umeliwa upande mmoja, umesahaulika huko magharibi kama mgeni asiyejua kuaga.

Akautazama mwezi. Akatazama sinia. Akautazama tena mwezi.

"Haya," akasema, na akaingia ndani.

Alichofanya huko ndani ni hiki. Alikuwa na asali kidogo ya dawa ya kifua cha watoto, yote aliyokuwa nayo. Akaibandika jikoni, akaipika, ikachemka, ikawa nzito, ikawa nzito zaidi, akaikunja, ikawa gubiti. Si mnalijua gubiti? Lile linalonata kwenye meno mpaka unasahau jina la mama yako.

Haukupita muda, akamsikia Fisi anakuja, kwata, kwata, na pembe yake kwapani.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mjomba Fisi. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kupanda, mpwa wangu. Mwezi unaingia."

"Panda, paa si lako? Lakini niambie mimi kwanza, mjomba, nijue nalia vipi. Rangi gani mara hii?"

Fisi akatazama nyuma, akashusha sauti. "Kijani."

"Kijani! Mwezi wa tisa! Jani liko wapi nchi hii?"

"Jumbe ana mchicha wake uani, anaumwagilia. Tembo ana mgomba. Mimi mpiga mbiu, usiniulize habari za bustani."

"Na sisi?"

"Nyinyi jembe. Anataka kufungua shamba jipya, kule kwenye mawe. Na safari hii, Bi Tabu, anasema kila mtu aje na watoto wake. Hata wadogo. Mikono mingi."

Tabu akatazama mlangoni. Ndani mtoto akakohoa. Yule mtoto, jembe, jua, mawe. Hakuhitaji kupiga hesabu.

Lakini usoni hakuonyesha kitu.

"Masikini mjomba wangu," akasema. "Kazi yako nayo ngumu. Kutangaza habari mbaya na tumbo tupu, utapata vidonda. Ngoja, kuna kitamutamu hapa."

"Kitamutamu?" Masikio ya Fisi yakasimama.

"Kidogo tu. Gawanya, usile mara moja."

Kumwambia Fisi asile mara moja! Akalichukua gubiti zima, akalitia mdomoni, kap! akapanda kichuguu huku anatafuna, nyam, nyam, nyam. Tamu! Macho yanafumba yenyewe.

Mbuuu! Wanyama wakatoka majumbani, wakakusanyika chini, wamechoka hata kabla ya kusikia.

"Wanyama weee!" akaita Fisi. "Tegeni masikio! Jumbe anasema, mwezi huu kila mmoja aje na watoto wake! Kila mnyama avae rangi ya mwezi! Na rangi ya mwezi ni... ni... nnn..."

Gubiti lilikuwa limeanza kupoa.

"Ni nini?" wakauliza walioko chini.

"Nnn... knn... mmmh!"

Akavuta taya, haliachi. Akaingiza kidole, kidole kikanata. Akachomoa kidole, akatikisa kichwa, akakanyaga kanyaga paa la watu. Mate yanamtoka. Akaona wanyama wanaanza kunong'ona. Akakumbuka kwamba mpiga mbiu akionekana anakula kazini, Simba atamng'oa mkia. Meno yalikuwa yamefungwa lakini midomo ilikuwa inafanya kazi, basi akaweka pembe mdomoni.

Mbuuu!

Akafunga mbiu. Akateremka upande wa nyuma, akatokomea vichakani.

"Jamani, rangi gani?" akauliza Panya. "Mimi sikusikia rangi."

"Si amesema?" akajibu Tabu kutoka mlangoni, ameshika kiuno. "Rangi ya mwezi."

"Ndiyo rangi ya mwezi, lakini ni ipi?"

"Panya, wewe una masikio makubwa ya bure. Kesho asubuhi njooni kwangu wote kabla ya kwenda kisimani. Na msiniulize kitu, nimechoka."

Kesho yake wakaja. Wakamkuta Tabu amechekecha majivu kwa chekeche, laini kama unga wa ngano, yamejaa ungo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshajipaka kuanzia pua mpaka mkia.

Bi Nungu akashtuka. "Tabu! Umepatwa na nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Sogea nikupake."

"Mimi na miiba yangu hii utaanzia wapi?"

"Popote. Inama."

"Lakini niambie basi ni ya nini!"

"Nikikuambia utacheka. Na ukicheka huko njiani, tumekwisha. Utayajua kisimani."

Bi Nungu akainama, analalamika. Panya akapakwa. Watoto wakapakwa, wakapiga chafya, chya! chya! Yule mgonjwa, Tabu alimbeba mgongoni. Wakaondoka, mstari mzima wa wanyama wa majivu, na mitungi yao vichwani, kimya jii. Ungewaona ungesema ni vijiti vya moto uliozimika vimeamua kutembea.

Kisimani wakubwa walikuwa wameshafika, wamevaa kijani wanang'aa. Tembo amejifunga majani ya mgomba kiunoni. Nyati ana mchicha kwenye pembe, Jumbe kamgawia. Na Simba mwenyewe ameketi kitini, mchicha umezunguka shingo, mchicha masikioni, kama kachumbari ya harusini. Majembe yamepangwa tayari.

"Rangi?" akauliza Nyati.

"Ya mwezi," akajibu Tabu, akapita.

"We! We! Rudi. Hayo ni majivu."

"Ndiyo rangi ya mwezi."

"Ya mwezi gani?"

"Kwani kuna miezi mingapi, Bwana Nyati? Inua kichwa. Taratibu, usivunjike shingo."

Nyati akainua kichwa. Mwezi ulikuwa pale pale magharibi, juu ya miti iliyoungua, umefifia. Akautazama. Akamtazama Tabu. Akautazama tena. Nyati mawazo yake huja kwa miguu, lazima umsubiri.

"Jumbe," akasema mwishowe, "zinafanana."

Nyuma kule Bi Nungu akaelewa. Miiba yote ikasimama, kwaaa! Akauma pindo la kanga ili asicheke.

"Nini zinafanana?" Simba akaruka kutoka kitini. "We Nguchiro! Unanichezea? Rangi ya mwezi ni kijani!"

"Shikamoo, Jumbe. Hiyo kijani ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Fisi!"

"Basi labda Fisi alibaki nayo. Sisi tuliletewa rangi ya mwezi. Nasema uongo, jamani?"

"Rangi ya mwezi!" wakaitikia wote.

"Fisi!" Simba akanguruma mpaka vumbi likainuka. "Aletwe Fisi!"

Fisi akaja, anachechemea kuliko kawaida. Mashavu yamevimba. Gubiti lilikuwa limeachia alfajiri, limeondoka na jino moja la pembeni.

"Ulitangaza nini?"

Fisi akamtazama Simba. Akamtazama Tabu. Tabu alikuwa anamtazama kwa upole kabisa, na kwa kidole anajigusa jino.

Aseme nini? Akisema hakuweza kutamka kijani, ataulizwa kwa nini. Akisema kwa nini, mkia hana.

"Jumbe wangu," akasema Fisi, "mimi nilitangaza vile vile ulivyoniagiza. Sikuongeza, sikupunguza. Hakika yangu!"

"Na pembe ya kufunga ulipiga?"

"Niliipiga, Jumbe."

"Aliipiga," wakasema wanyama wadogo. "Mbuuu!"

Simba akakunja uso. "Basi naibadilisha sasa hivi! Kuanzia leo rangi ni..."

"Jumbe," akasema Tabu. Hakupaza sauti. Alikuwa hana nguvu za kupaza. "Badilisha, kisima si chako? Lakini ukiirudisha mbiu hii, basi zote zinarudi. Ya manjano inarudi, ya zambarau inarudi, na ile ya tope. Na mihogo tuliyoilima kwa mbiu hizo tutaing'oa, tugawane, kila mtu na mstari wake. Maana ni nani aliyesema neno halirudi? Mimi nilikuwa nimelala, nikumbusheni."

Kutoka nyuma ikaja sauti nyembamba ya Panya:

"Iliyopigwa mbiu imepigwa. Hata yeye mwenyewe haigusi."

Bi Nungu naye akarudia. Wengine nao. Hawakupiga kelele, walisema kama watu wanaosoma dua waliyochoka nayo. Na walikuwa wengi, na majembe yalikuwa karibu nao kuliko karibu na Simba.

Simba akatazama mihogo yake, imestawi mpaka mbali.

"Haya," akasema. "Haya. Mwezi huu tu. Tekeni maji, nyinyi wa majivu."

"Ahsante, Jumbe. Lakini bado kuna jambo."

"Jambo gani tena?"

"Hawa wenzetu wa kijani. Mbona hawana rangi ya mwezi?"

Tembo akajitazama. Nyati akajipapasa pembe.

"Majembe yale pale," akasema Tabu. "Shamba ni lile la mawe. Na watoto wao waje, mikono mingi."

"Mimi nilime mawe?" Tembo akapiga ukunga, fruuu! Akang'oa majani ya mgomba kiunoni, akakimbilia kwenye nyasi zilizoungua, akajirusha chini, puu! akajigaragaza. Majivu yakapanda kama moshi. Akaona raha, akajimwagia mengine kwa mkonga, mgongoni, tifu, tifu. Ile raha haikumtoka. Mpaka leo mtamwona anajimwagia, na rangi ni ile ile.

Nyati akamfuata mbio mbio. Mchicha aliula njiani.

Akabaki Simba na mchicha wake. Jua limeanza kuchoma. Yeye naye koo limekauka kwa kunguruma, na alikuwa hajanywa, maana alingoja kwanza waanze kulima ndipo anywe kwa raha. Nyati akarudi mahali pake, wa kijivu mzima, akasimama mbele ya kisima. Kazi yake kuuliza tu.

"Rangi?" akamuuliza Jumbe wake.

Simba akatazama huku na huku. Kwenda kugaragara mavumbini mbele ya wanyama wote aliona aibu. Akasogea kwa Tabu, akasema chini chini:

"Yamebaki hayo majivu?"

"Yamebaki."

"Nipake kidogo."

"Wewe mrefu, Jumbe. Inama."

Simba akainama. Ndio, aliinama! Kichwa kile kikubwa kikafika chini mpaka kwenye miguu ya Nguchiro. Tabu akavuta mchicha wa masikioni, akauweka kando wa mboga. Akampaka taratibu, paji la uso, mashavu, ndevu, kama anayempaka mtoto mafuta. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanasubiri zamu ya maji.

"Mwezi wa kumi nitatangaza rangi nyingine," akasema Simba akiwa ameinama bado.

"Utatangaza. Najua."

"Na mtalima."

"Labda. Leo ni mwezi wa tisa, Jumbe. Fumba macho, yasiingie."

Siku hiyo wadogo waliteka wa kwanza, maji ya juu, safi. Chubwi, chubwi, mitungi ikajaa pomoni. Njiani Fisi alimngojea Tabu kwenye kona, ameshika shavu.

"Umeniponza, mpwa wangu."

"Nilikupa tamu, mjomba. Ulitaka chungu?"

Akapita.

Alimnywesha mtoto hapo hapo njiani, hakungoja nyumbani. Mtoto akanywa, akavuta pumzi, akanywa tena, akasema tumbo limekuwa zito. Jioni homa ikashuka. Majirani wakaja na ngoma, wanataka kumcheza Tabu, wanamwita shujaa. Wakamkuta amelala chali, mdomo wazi, majivu hajaoga. Wakampigia ngoma, ti-ti-ti, hakuamka. Wakaondoka nazo. Alilala hivyo mpaka kesho yake jua likawa juu kabisa, na ule mwezi mzima hakuna aliyeshika jembe la Jumbe, maana majivu yalikuwa kila mahali, na majivu hayana mwenyewe.

Mwezi wa kumi Simba alipata rangi nyingine, kama alivyosema. Wakubwa hawakosi. Lakini mwezi wa tisa hakuugusa tena, kila mwaka akiogopa mbiu za nyuma zisije zikafufuka.

Ndiyo maana mpaka leo, mwezi wa tisa ukifika, nyika yote huwa ya kijivu. Miti ya kijivu, njia za kijivu, hata mbingu. Wageni wakipita husema nchi imekufa. Haijafa. Imevaa sare yake, inapumzika.

Nanyi mkalale, na mkumbuke hili moja: mwenye nguvu akikutungia sheria, usishindane na makucha yake, mshike kwa maneno yake.